Sufuria za Bi Siwema na Wizara ya Wepesi

Hapo si zamani hata kidogo, katika nchi ambayo siitaji jina kwa kuwa bado naishi humo, Mama Mtukufu, mke wa Mtukufu Rais, alisafiri kwenda ng'ambo kung'oa jino. Huko alilala hoteli yenye chumba cheupe pe, hakina kitu ila kitanda, kiti kimoja na ua moja ndani ya chupa. Mama Mtukufu alikaa kwenye kile kiti akalia. Aliwaambia waandishi wa habari aliosafiri nao kwamba ameyaona maendeleo kwa macho yake, na kwamba maendeleo ni kutokuwa na vitu.

Sisi huku tuliposikia tulifurahi, maana kwa kipimo hicho tulikuwa tumeendelea siku nyingi bila kujijua.

Kumbe bado. Mtukufu aliunda Wizara ya Wepesi wa Taifa, akamteua Mheshimiwa Daktari Kondo Mwinyipembe kuwa waziri wake. Udaktari huo alitunukiwa na chuo kikuu kimoja cha mbali ambacho baadaye kilionekana kuwa duka la viatu. Nasikia viatu vyao ni vizuri. Siku ya kuapishwa Waziri alipanda jukwaani, akakohoa kikohozi cha kiserikali, akasema:

"Ndugu wananchi, mmedanganywa miaka mingi kwamba adui zetu ni njaa na maradhi. Adui yetu ni mrundikano. Mtawaza vipi makubwa huku uvunguni mmejaza ndoo zilizotoboka? Kuanzia leo, kitu chochote kisichotumika kwa miezi sita ni uchafu. Kitolewe. Na kama mwenyewe hataki kukitoa, mwananchi yeyote aliye karibu ana haki na wajibu wa kukitoa kwa niaba yake, wala hatashtakiwa."

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Tukagawiwa fulana nyeupe za kampeni, tukaenda kuziweka juu ya fulana za kampeni zilizopita, ambazo nazo tulikuwa hatujazivaa. Siku hiyo hakuna aliyeona kasoro, wala mimi sikuiona.

*

Sasa nije mtaani kwetu Kisimani, kwa Bi Siwema.

Bi Siwema ni mjane, anauza vitumbua asubuhi. Nyumba yake ina vyumba viwili. Kimoja analala yeye, na kingine zinalala sufuria. Sisemi sufuria za chai. Nasema zile kubwa ambazo mtoto akicheza kujificha humo mnamtafuta mpaka magharibi. Pamoja nazo kuna masinia, miiko mirefu, majamvi na turubai. Wasomaji wa kwetu wanajua kwa nini, lakini kwa faida ya Wizara nitaeleza. Vyombo vile si vyake. Ni vya mtaa. Wanawake walichanga, mwaka huu sufuria, mwaka kesho jamvi, wakaviweka kwa mtu mmoja mwaminifu. Ukiwa na harusi unakwenda kuchukua. Ukifiwa huendi, unaletewa. Hulipi kitu, ila ukirudisha sufuria usiirudishe tupu, weka ndani yake japo konzi ya mchele, maana kwetu chombo tupu kinaita msiba. Hiyo ndiyo sheria, na haikuhitaji waziri.

Kubwa kuliko zote ilikuwa ya Bi Mboni. Huyu Bi Mboni alikuwa jirani na shoga wa Bi Siwema tangu usichana, mpaka mwanawe alipopata cheo akamhamishia Kilima cha Waheshimiwa. Mwanawe ndiye huyo huyo Waziri Kondo. Siku ya kuhama alimshika Bi Siwema mkono, akamwambia: "Shoga, naondoka, sufuria hii nakuachia. Siku yangu ikifika, wali wangu upikwe humu, mpike nyinyi. Msiniache nizikwe kwa vibiskuti." Bi Siwema akaapa. Tangu hapo kila Ijumaa aliitoa nje, akaisugua kwa majivu, akairudisha ndani.

Afisa Wepesi aliyetufikia aliitwa Bwana Ladislaus. Alikulia kwenye nyumba za serikali, ambako mtu akifa hukodishwa kila kitu pamoja na waombolezaji. Alivaa koti jeupe na viatu vyeupe katika mtaa wetu usio na lami, na hilo peke yake lingetosha kutuonya. Alifungua chumba cha pili cha Bi Siwema, akasimama mlangoni.

"Mama, unaishi na nani?"

"Peke yangu, mwanangu."

"Sufuria hii inapika kiasi gani?"

"Nusu gunia la mchele, ukiwa na mpishi anayejua."

"Na wewe unakula nusu gunia?"

"Mimi usiku nakula kipande cha muhogo. Nikipata na chai, alhamdulillahi."

Bwana Ladislaus alitazama zile sufuria, akamtazama yule mama na upande wake wa khanga kuukuu, akaona kwamba hesabu haiingii. Mtu mmoja mwenye vyombo vya kulisha kikosi kizima ni mtu anayesubiri kikosi.

"Unamngoja nani?" aliuliza, safari hii kwa sauti ya chini.

"Wafiwa," alisema Bi Siwema.

Afisa aliliona hilo kama tishio. Akauliza zilitumika lini mara ya mwisho. Bi Siwema akafikiri, akasema ni kwenye hitima ya marehemu Mzee Shomvi, kabla ya mvua za masika zilizopita. Tangu hapo, kwa rehema za Mungu, hajafa mtu.

"Na harusi?"

"Nani aoe kwa bei hii ya mchele?"

"Kwa hiyo chuma chote hiki kimelala bure, eti kwa sababu hajafa mtu?"

"Ndivyo, baba."

"Huo ni uzembe," alisema Bwana Ladislaus, na hatukuelewa kama anazisema sufuria au anatusema sisi tuliokuwa hai.

Zilipoanza kupakiwa, Bi Siwema aliishika ile kubwa kwa mikono miwili. Akasema zote wachukue lakini hiyo waiache, hiyo ni amana, ni ya mama mzazi wa waziri wao. Vijana wa lori waliangua kicheko. Bwana Ladislaus alimwambia kwa upole wa mtu aliyesoma kwamba mama wa Waziri hawezi kuwa na sufuria, mama wa Waziri ana jiko la umeme. Wakambandua vidole. Pale iliposimama sufuria waliacha cheti chenye picha ya njiwa, kinachomshukuru kwa kuwa mwepesi.

Bi Siwema hakulia mbele yao. Alingoja lori likate kona, akakaa chini kwenye chumba kile kitupu, akalia kwa sauti tukamsikia nyumba ya tatu. Hakulilia chuma. Alikuwa amekula kiapo, na mtu wa pwani akikuapisha jambo la kifo chake hafanyi mzaha.

*

Vitu vya nchi nzima vilikusanywa kwenye uwanja wa mpira vikisubiri kuchomwa moto mbele ya Mtukufu. Ulikuwa mlima. Juu kabisa, kwa bahati, kilikaa kiti cha kung'olea meno.

Lakini Mama Mtukufu alikuwa amebakiza jino jingine. Alirudi ng'ambo, na safari hii akaalikwa chakula nyumbani kwa tajiri mmoja. Sebuleni, juu ya meza ya marumaru, chini ya taa yake peke yake, alikuta kinu na mchi. Kando yake mbuzi ya kukunia nazi. Tajiri akamwambia kwamba hivyo ni vitu vya thamani kubwa vya watu wa kale, akamuuliza kama anajua vilikuwa vya nini. Mama Mtukufu, aliyekua akitwanga kisamvu kila jioni mpaka alipoolewa, alisema hajui.

Simu ikapigwa usiku huo huo. Moto ukasimamishwa. Asubuhi redio ikatangaza kwamba ule mlima wa uchafu uwanjani si uchafu, ni Urithi, na Urithi hauwezi kuachwa uwanjani unyeshewe mvua. Sisi wajinga tukadhani basi tutarudishiwa. Tulikwenda uwanjani na mikokoteni. Tukaelezwa na Bwana Ladislaus kwamba kurudisha ni kurudi nyuma, na serikali hii hairudi nyuma. Sheria ya Wepesi inabaki palepale kwa wananchi. Urithi wenyewe utagawiwa kwa viongozi, ambao wamekubali, kwa moyo wa kujitolea, kubeba mzigo huo kwa niaba yetu. Wangeitwa Walezi wa Urithi na kupewa posho ya vumbi.

Mkisikia kulea ndiko kule. Kilima cha Waheshimiwa kiligeuka ghala. Kila mkubwa akataka kumzidi mwenzake. Mkuu wa Majeshi alijaza pasi za mkaa mpaka mkewe akahamia kwa dada yake. Jaji Mkuu alikuwa na milango ya kuchonga ukuta kwa ukuta, isipokuwa wa chooni, ambao aliuuza ili apate mwingine wa sebuleni. Wageni walikuwa wakikohoa kabla ya kuingia humo.

Aliyewashinda wote ni Waziri wetu wa Wepesi. Sebule yake, ambayo ilikuwa na ukubwa wa kuchezea mpira timu mbili na watazamaji, ilijaa vinu, sufuria zetu za Kisimani, redio za mbao, vitanda vya kamba vilivyosimamishwa wima, makasha yenye misumari ya shaba, na cherehani zisizo na sindano. Mtu alipita upande upande, mkono mmoja mbele. Waziri mwenyewe alikwama mara moja kati ya kasha na kabati akiwa anaenda kuhutubia semina ya kupunguza vitu majumbani, akahutubia kwa simu. Na katikati ya sebule, juu ya kijukwaa chenye zulia jekundu, ilikaa sufuria ya Bi Mboni. Ilikuwa imepakwa mafuta ya kung'arisha na kupandwa maua ya plastiki.

Aliwaonyesha mabalozi. "Chombo hiki," alikuwa akisema, "ni cha ibada. Kilikuwa cha kabila moja lililotoweka."

Jioni moja mama yake alikuwa amekaa pembeni kwenye kiti chake, watu hawamwoni. Aliinua kichwa. "Kondo," alisema, "kabila gani hilo? Hiyo si sufuria yangu? Ulipotoka jandoni tulipika humo, ukala mpaka ukatapika."

Mabalozi wakacheka kwa adabu. Waziri akasema mama amezeeka, anachanganya mambo. Kesho yake akamhamishia chumba cha uani, jirani na jenereta, kwa kuwa anaharibu mpangilio. Tangu siku hiyo nimetafuta tusi la kumtosha mtu huyu na sijalipata. Kila cha kale nchi hii kilipata nafasi kwenye sebule ile, isipokuwa yule kizee aliyemzaa.

Bi Siwema alisikia kwa mfagiaji kwamba sufuria ipo kule. Akavaa baibui lake, akapanda kilima. Getini alikataliwa, akazunguka nyuma, akaingia kwa mlango wa watu wa taka. Akamkuta shoga yake amejilaza kwenye godoro, jenereta linanguruma kiasi cha kuzungumza kwa mikono.

"Nisamehe, shoga yangu. Amana yako imenitoka mkononi."

Bi Mboni alikuwa amekonda lakini ulimi ulikuwa ule ule. "Haijakutoka. Nimeiona. Wameipanda maua."

"Nifanye nini sasa?"

"Mimi sina muda mrefu, Siwema. Wewe uliapa. Mimi yangu ni kufa tu. Kuitoa pale ni kazi yako."

"Na akikataa mwanao?"

"Mwanangu hajawahi kukataa kitu mbele ya kamera," alisema Bi Mboni. Kisha akamwomba amkune mgongo, maana pale nyumbani hapakuwa na mtu wa kumkuna.

*

Wiki haikuisha, Bi Mboni akafariki.

Mtukufu akatangaza msiba wa kitaifa. Televisheni ikaja na kamera zake, kwa kuwa Waziri alitaka taifa zima limwone anavyoumia. Hoteli moja kubwa ikapewa kazi ya chakula: vibiskuti vya chumvi na mkate uliokatwa pembetatu, kwa viongozi. Sisi wengine tungepewa maji, kwa moyo wa wepesi. Kisimani nzima tulipanda kilima kwa miguu, hatukubeba kitu mkononi, wala hatukuwa na cha kubeba. Wanawake wakakaa sakafuni patupu kwa kuwa majamvi yao yalikuwa yametundikwa ukutani yakiwa na taa.

Mwili ulikuwa umeoshwa na kukafiniwa kule kule uani. Kwetu marehemu hutoka kwa mlango wa mbele wa nyumba yake. Ni heshima ya mwisho, na hata masikini wa kutupwa haikosi. Wanaume wakaliinua jeneza, wakaingia nalo sebuleni, hatua chache wakakwama. Mbele kinu, kushoto kasha, kulia cherehani. Wakarudi nyuma. Wakajaribu kwa upande, likagonga kabati, chuma kikalia ndani ya nyumba yote. Afisa Itifaki akapendekeza kwa heshima zote kwamba marehemu apitishwe dirishani.

Waziri alikuwa ameinama, leso usoni, kamera imemkaribia. Akasema bila kuinua kichwa, "Sawa, dirishani, mradi zile redio zisiguswe."

Hapo ndipo Bi Siwema aliposimama. Alipita upande upande mpaka kwenye kile kijukwaa, akaweka mkono juu ya sufuria. Kamera ikamfuata, kwa kuwa kamera hupenda kinachotembea.

"Pole kwa msiba, Mheshimiwa," alisema. "Sisi wa Kisimani ni watu wa kutii sheria, nadhani unajua. Nina swali moja tu, kisha nikae. Sufuria hii mmeipikia lini?"

Waziri akainua uso. "Mama, leo si siku yake. Hiki ni kitu cha Urithi."

"Ndiyo, baba. Mmeipikia lini?"

"Haipikiwi. Ni ya kutazamwa."

"Tangu ifike hapa miezi sita imepita?"

Waziri alitazama kamera. Nchi nzima ilikuwa ikimwangalia, na pamoja na nchi nzima, Mtukufu. Akikana, atakuwa amesema uongo kwa taifa, na hilo alilizoea. Lakini sheria ilikuwa yake, ameitangaza kwa mdomo wake, na Mama Mtukufu alikuwa hajaifuta.

"Imepita," alisema.

Na hapo Bwana Ladislaus, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa kazi ya kupokea wageni, ambaye neno hilo alikuwa amelisikia nyumba kwa nyumba mwaka mzima, akajibu kwa mazoea bila kujua amejibu:

"Basi ni uchafu. Itolewe."

Naapa hatukukimbilia. Msiba ni msiba. Bi Siwema aling'oa maua ya plastiki, akamkabidhi Waziri ayashike, akainua sufuria kwa upande mmoja na jirani yake Bi Ramla kwa upande mwingine, wakatoka nayo nje. Kisha mzee mmoja akaliona kasha lake la harusi, akauliza kwa upole limefunguliwa lini. Bwana Ladislaus, ambaye sasa mdomo ulikuwa umeshaanza na hausikii breki, akasema: "Litolewe." Mwingine akauliza kuhusu cherehani. Mwingine kuhusu kinu. Tulitoka mmoja mmoja, vichwa chini, tukisoma dua, kila mtu na chake, na ambaye hakukuta chake alimsaidia jirani kubeba. Waziri alikuwa katikati na maua yake mkononi akisema, "Jamani, jamani," na watu wakimjibu, "Pole, Mheshimiwa, kazi ya Mungu haina makosa." Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Sebule ilipokuwa nyeupe pe, wanaume walinyanyua jeneza tena. Bi Mboni alipita katikati ya nyumba ile moja kwa moja, bila kugusa kitu, akatoka kwa mlango wa mbele. Bi Siwema alikuwa amesimama barazani. Ndipo alipolia, na safari hii sote tulilia naye.

Tuliporudi kutoka makaburini, mafiga yalikuwa yamewekwa kwenye bustani ya Waziri, juu ya majani yale yanayokatwa kwa mkasi, na mchele ulikuwa umetoka sijui wapi, konzi kwa konzi, kila nyumba yake. Wali uliiva ndani ya sufuria ya Bi Mboni. Viongozi waliutazama wakiwa na vibiskuti vyao mkononi, kisha mmoja akavua viatu, akakaa mbele ya sinia, na wengine wakafuata. Waziri naye alikula. Alikula sana, kama siku ile ya jando, na mpaka leo sijui kama alijua anakula nini.

*

Mtukufu alifika jioni kutoa mkono wa pole. Aliingia sebuleni akakuta hakuna kitu, kuta tupu, na Waziri wake amesimama peke yake na ua moja la plastiki lililobaki mkononi. Mama Mtukufu akashika moyo. Alisema ndicho hasa alichokiona ng'ambo. Pale pale Waziri akavishwa Nishani ya Wepesi Daraja la Kwanza, kwa kuwa ndiye kiongozi pekee nchini aliyeishi sheria aliyoitunga. Machozi yakamtoka Waziri. Televisheni ikasema anamlilia mama yake.

Sufuria zilirudi Kisimani usiku huo, zote, na hakuna iliyorudi tupu.

Baada ya arobaini, gari refu jeusi lilisimama mbele ya nyumba ya Bi Siwema. Waziri akateremka peke yake, akapiga hodi, akakaribishwa kwenye kigoda. Alizungumza muda mrefu juu ya uchungu wa kufiwa. Alisema nyumba yake sasa ni tupu kabisa, mpaka sauti yake inamrudia. Mwishowe akaomba, kwa unyenyekevu ambao hatukujua anao, apewe ile sufuria kubwa. Si ya Urithi sasa, alisema. Iwe ukumbusho tu wa mama.

Bi Siwema alikuwa akichoma vitumbua. Akageuza kimoja, akageuza cha pili.

"Mwanangu," alisema, "chombo cha mtaa hanyimwi mtu. Wala usihangaike kuja tena kuomba. Siku yako ikifika, tutakuletea."

Waziri alishukuru sana, akamshika mkono, akaenda zake, na alikuwa ameshakaa kwenye gari, mlango umefungwa, ndipo alipoelewa.